Dawa za kutuliza ng'ombe, mbuzi na nguruwe: maswali ambayo wafugaji wa Goma huuliza mara kwa mara

Majibu haya ni ya wafugaji wa Goma, Sake, Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, na ya wale wanaonunua mifugo huko na kuileta mjini. Dozi tumeziandika wazi. Si kwa sababu tunataka kila mtu ashike sindano. Tunataka mwenye mnyama asimame kando ya veterineri, aangalie flakoni (chupa ndogo ya dawa) na seringi, aelewe anachokiona, na awe na haki ya kusema "subiri kwanza" pale hesabu isipolingana.

Dawa ya kutuliza inamlaza mnyama?

Si lazima. Watu huchanganya mambo matatu. Kutuliza ni kupunguza hofu: mnyama bado amesimama, anasikia, na teke lake bado linafika. Kusinzisha ni zaidi: kichwa kinashuka, mdomo wa chini unalegea, mate yanadondoka, na dozi ikipanda analala chini. Ganzi ni jambo la tatu kabisa, nayo huzuia maumivu mahali unapokata. Dawa nyingi za kutuliza hazina ganzi ndani yake, na hapo ndipo wanyama wengi huteswa bila mtu kukusudia.

Majina utakayokutana nayo ni haya. Ksilazini, ambayo kwenye chupa utaisoma Xylazine, ndiyo ya ng'ombe. Azaperoni ni ya nguruwe. Asepromazini hutuliza lakini haizuii maumivu hata kidogo. Diazepamu na klorpromazini ni dawa za binadamu ambazo baadhi ya watu huzipeleka zizini, tutazizungumzia mbele.

Ng'ombe wangu amekuwa mkali ghafla. Nimpe dawa gani?

Bado usimpe dawa yoyote. Ng'ombe aliyekuwa mpole kwa miaka hawi mkali bila sababu, na ukimsinzisha unaifunika sababu hiyo.

Sababu ya kwanza kufikiria ni kichaa cha mbwa, kwa kuwa ndiyo inayoua watu. Ng'ombe mwenye kichaa hulia kwa sauti ya ajabu, tena na tena. Mate humtoka kwa wingi, hushindwa kumeza, hushambulia vitu, halafu miguu ya nyuma hulegea. Wengi huona mate wakadhani amekwama na kitu kooni, wakaingiza mkono mdomoni. Usiingize mkono. Mtenge, mfunge mbali na watoto, usimchinje, usinywe maziwa yake, na mwite veterineri. Aliyeguswa na mate kwenye kidonda aoshe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuuliza chanjo.

Kama si kichaa, tafuta maumivu. Ng'ombe anayepiga teke wakati wa kukamuliwa: shika kila chuchu polepole, uone kama kuna joto, ugumu, kidonda au maziwa yenye vipande. Fahali anayegoma kutembea: inua kwato. Katika nchi yetu ya mawe ya volkano, jiwe dogo lenye makali huingia kati ya kucha mbili na kukaa humo siku nyingi. Mama aliyezaa jana analinda ndama wake, na huo si ugonjwa.

Kuna njia ya kumtuliza bila sindano?

Zipo, na kwa kazi nyingi zinatosha. Temple Grandin, profesa wa Marekani, alionyesha kwa miaka mingi kwamba ng'ombe huogopa vitu ambavyo sisi hatuvioni tena: kivuli kilichokatiza njia, nguo inayopeperuka kwenye uzio, mnyororo unaogonga, mwanga unaong'aa kutoka kwenye maji. Ondoa kitu hicho na ng'ombe atapita mwenyewe.

Kaa pembeni, si nyuma yake kabisa, maana nyuma yake hakuoni. Bega lake ndilo mpaka: ukisogea kutoka mbele kupita bega kuelekea mkia, anakwenda mbele, ukisimama mbele ya bega, anarudi nyuma. Usipige kelele. Fimbo na makelele humtia hofu ambayo huchukua kama nusu saa kushuka, na muda huo hakuna kazi utakayoifanya vizuri.

Gunia safi la kitambaa, lililofunguka upande wa pua, likivikwa juu ya macho humtuliza ng'ombe haraka kuliko watu wanne wenye nguvu. Mbuzi mtafutie mwenzake wa kusimama naye, kwa kuwa mbuzi peke yake ni mbuzi mwenye hofu.

Kumlaza ng'ombe kwa kamba inahitaji kamba laini ya mita 12. Funga kitanzi kisichokaza shingoni, zungusha kamba kifuani nyuma ya miguu ya mbele, izungushe tena tumboni mbele ya kiwele, halafu watu wawili wavute polepole kwenda nyuma, moja kwa moja. Mtu wa tatu ashike kichwa. Atapiga magoti na kulala. Kitanzi cha shingo kikiwa ni cha kukaza, utamnyonga.

Kwa nini dozi ya ksilazini kwa ng'ombe ni ndogo hivyo?

Kwa sababu mwili wake unaisikia mno. Farasi huhitaji karibu mara kumi ya dozi ya ng'ombe kwa kila kilo. Mtu akisoma kipimo cha farasi au cha mbwa kwenye kibandiko na kukitumia kwa ng'ombe, mnyama anaweza asiamke.

Kwa ng'ombe, sindano ya kwenye msuli huenda kwa ngazi nne. Miligramu 0.05 kwa kilo moja: ametulia, amesimama. Miligramu 0.1: amesinzia, huenda akalala. Miligramu 0.2: analala. Miligramu 0.3 ni ya kazi ndefu, na hapa kwetu, mahali ambapo mara nyingi dawa ya kumwamsha haipo, sisi hatuipendekezi. Ng'ombe wenye nundu, yaani wenye damu ya zebu, huisikia dawa hii zaidi ya wengine, hivyo waanzie ngazi ya chini. Waliokonda na wagonjwa pia.

Sasa angalia flakoni. Ksilazini huuzwa kwa nguvu tofauti. Ya 2% ina miligramu 20 ndani ya mililita moja. Ya 10% ina miligramu 100. Chukua ng'ombe wa kilo 270, ngazi ya pili: 270 mara 0.1 ni miligramu 27. Kwa flakoni ya 2% hiyo ni mililita 1.35. Kwa flakoni ya 10% ni mililita 0.27, kiasi ambacho kwenye seringi kubwa hata hukioni vizuri. Anayevuta 1.35 kutoka flakoni ya 10% amempa ng'ombe dozi mara tano. Kosa hili linaua, na hutokea mtu akiwa na haraka, kibandiko kimelowa, na simu inalia. Kabla ya sindano kuingia, soma asilimia kwa sauti.

Nitajuaje uzito bila mizani?

Chukua mita ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, kisha gawanya kwa 10,840. Jibu ni kilo.

Ng'ombe mwenye kifua cha sentimita 150 na urefu wa 130: 150 × 150 × 130 ni 2,925,000, ukigawanya kwa 10,840 unapata kilo 270. Mbuzi mwenye kifua cha 65 na urefu wa 60 ni kilo 23 na kidogo. Mbuzi wetu wa kienyeji ni wadogo kuliko macho yanavyodhani, hasa wakiwa na manyoya mengi. Mwenye mimba atapimika mzito kuliko alivyo; punguza.

Kwa mbuzi je?

Mbuzi ni hatari zaidi. Dozi ya kuanzia ni miligramu 0.05 kwa kilo, kwenye msuli. Mbuzi wa kilo 23 anahitaji kama miligramu 1.2 tu. Kwa flakoni ya 2% hiyo ni mililita 0.06, tone moja na kitu. Hakuna anayeweza kupima hivyo kwa seringi ya mililita 5.

Njia salama ni kuipunguza nguvu. Vuta mililita 1 ya ksilazini ya 2%, iongezee mililita 9 za maji ya sindano au seramu ya chumvi ya 0.9%. Sasa kila mililita ina miligramu 2, na mbuzi yule anapata mililita 0.6, ambazo seringi ya mililita 1 inazionyesha wazi. Andika kwenye seringi "ksilazini 2 mg" na uimwage inayobaki siku hiyo hiyo.

Kondoo tunamweka mbali kabisa na dawa hii isipokuwa hakuna njia nyingine. Kwake inaweza kujaza mapafu maji, na milima ya Masisi, inayopita mita 2,000, tayari ina hewa nyepesi.

Dakika kumi zimepita, bado anatembea. Niongeze?

Usiongeze. Swali hili huulizwa sana, na jibu lisilo sahihi ndilo linalojaza mashimo ya kuzikia.

Ksilazini kwenye msuli huanza kufanya kazi baada ya dakika 5 hadi 15. Lakini mnyama aliyekimbizwa, akapigiwa kelele na kukamatwa kwa nguvu, damu yake imejaa homoni ya hofu, nayo inapigana na dawa. Hivyo anaonekana kama hajachomwa. Mwenye haraka huongeza dozi ya pili. Baada ya dakika 20 hofu inashuka, dozi zote mbili zinakutana, na mnyama anaanguka kama gunia.

Fanya hivi: mchome akiwa mahali tulivu, kisha kila mtu aondoke. Watoto pia. Usimguse kwa dakika 15. Kama baada ya dakika 20 kamili hajasinzia, kazi ya siku hiyo iahirishwe, au ifanywe kwa kamba na ganzi.

Nimtayarishe vipi, na nimlaze wapi?

Ng'ombe mkubwa asile kwa saa 12 hadi 24 kabla, na asinywe maji kwa saa 8 hadi 12. Mbuzi asile kwa saa 12. Tumbo lililojaa, likilala, hutengeneza gesi isiyotoka na kurudisha majani kooni, na yakiingia kwenye mapafu umempoteza hata kama umemwamsha vizuri. Ndama anayenyonya usimshindishe njaa.

Mahali pa kulala pana maana kubwa hapa Goma kuliko sehemu nyingine. Ardhi yetu ni lava. Ng'ombe wa kilo 270 akianguka juu ya mawe yale hupasua ngozi ya goti na nyonga. Tandaza majani makavu au magunia yaliyojazwa nyasi kabla ya sindano. Akishaanza kuyumba umechelewa.

Na mazuku. Kila mtu wa kati ya Goma na Sake anajua yale mashimo ambako mbuzi huingia asitoke. Ni gesi ya kaboni dayoksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini kwenye mabonde na mashimo, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mnyama aliyesimama pua yake iko juu ya gesi. Mnyama uliyemsinzisha pua yake iko chini, na hawezi kuinuka kukimbia. Usimlaze mnyama kwenye bonde, shimo au sehemu iliyobonyea maeneo hayo, hata kama pana kivuli kizuri. Fanya kazi mahali palipoinuka, asubuhi jua likishapanda.

Akilala, mweke juu ya kifua chake, miguu imekunjwa. Kama kazi inalazimisha alale ubavu, alalie ubavu wa kulia ili tumbo kubwa la kushoto libaki juu. Weka furushi la nyasi chini ya shingo, mdomo uelekee chini, ili mate yatoke nje. Mfunike macho na mweke kivulini: akiwa na ksilazini, mwili wake hauwezi kupambana na jua kali.

Ni dalili gani zinasema mambo yanaharibika?

Mtu mmoja asifanye kazi nyingine isipokuwa kumwangalia mnyama. Kila dakika 5 ahesabu pumzi, aangalie fizi na ubavu wa kushoto. Ng'ombe mzima hupumua kati ya mara 10 na 30 kwa dakika, na moyo hupiga mara 60 hadi 80. Ksilazini hupunguza vyote viwili, hilo ni la kawaida. Pumzi zikishuka chini ya 8, au fizi zikageuka rangi ya buluu, si la kawaida.

Ubavu wa kushoto ukijaa na kuwa kama ngoma, mgeuze akae juu ya kifua mara moja. Isiposhuka, veterineri apitishe mrija wa mpira mdomoni hadi tumboni. Kukojoa sana na mate mengi visikutishe.

Dawa ya kumwamsha ipo: atipamezoli, yohimbini au tolazolini. Muulize veterineri kabla ya sindano kama anayo mfukoni. Kama hana, achague ngazi ya chini zaidi. Fahamu pia kwamba dawa hiyo ikimwamsha, maumivu nayo huamka.

Bila dawa hiyo, ng'ombe aliyepata dozi sahihi husimama kati ya saa moja na mbili. Usimpe maji wala majani mpaka asimame imara na ameze vizuri.

Kuna ajali moja inayotisha: mnyama anachomwa shingoni na palepale, sindano ikiwa bado ndani, anaanguka na kutetemeka. Sindano imeingia mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo. Ndiyo maana veterineri huvuta damu kwanza kwenye seringi. Kama anachoma kwenye mshipa, damu nyeusi inayotoka taratibu ni sawa. Nyekundu inayoruka, toa sindano. Sisi tunapendelea mshipa wa mkia, au msuli tu.

Ana mimba. Inaruhusiwa?

Ksilazini hapana, hasa miezi mitatu ya mwisho. Hukaza mfuko wa uzazi na inaweza kuharibu mimba. Kama hujui mimba ina muda gani, sema hivyo kabla. Usinyamaze kwa aibu.

Jana tulimpulizia dawa ya kupe. Kuna shida?

Ndiyo, na hili husahaulika. Dawa nyingi za kupe zina amitrazi. Amitrazi hugusa mahali pale pale mwilini ambapo ksilazini hugusa, hivyo zikikutana ni kama umemwongezea dozi. Moyo hupungua zaidi na usingizi hurefuka. Dawa za kupe za kundi la organofosfati nazo hazichanganyiki vizuri na asepromazini. Hifadhi chupa ya dawa ya kupe na umwonyeshe veterineri. Kama kazi si ya dharura, isubiri wiki moja.

Nguruwe wangu wanapigana nikiwachanganya, na mama mmoja anauma watoto wake. Azaperoni inafaa?

Inafaa kwa yote mawili, ikitumiwa sawasawa. Ksilazini kwa nguruwe haifanyi kazi vizuri, usipoteze pesa.

Azaperoni ya miligramu 40 kwa mililita hutolewa kwa dozi ya miligramu 2 kwa kilo, ambayo ni mililita 1 kwa kila kilo 20. Mama wa kilo 120 anapata mililita 6. Dume asipite miligramu 1 kwa kilo, yaani mililita 2.5 kwa kilo 100, kwa sababu dozi kubwa humlegeza uume ukabaki nje, ukaumia na kuoza. Mchome nyuma ya sikio, kwenye msuli, kwa sindano ndefu ya milimita 40 kwa mkubwa. Sindano fupi huacha dawa kwenye mafuta na watu husema "dawa hii ni bandia". Usiichome kwenye mshipa. Inaweza kumtia wazimu.

Kwa mama anayeuma, ambaye mara nyingi ndiyo mara yake ya kwanza kuzaa: watoe watoto wote, waweke kwenye karatoni lenye nguo kavu na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa. Mtoto wa nguruwe aliyezaliwa leo anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 34, na usiku wa Goma haumpi. Mchome mama, muache gizani dakika 20. Akilala ubavu na kutulia, warudishe mmoja mmoja, kichwa kikielekea chuchu, na ukae hapo. Wakishanyonya, wengi hukubali. Usichelewe: maziwa ya kwanza yana faida kubwa ndani ya saa 6 za mwanzo.

Kwa wanaopigana, jaribu kwanza kuwachanganya jioni wameshiba, kwenye banda ambalo si la yeyote kati yao, lenye majani mengi chini na pembe za kukimbilia. Wapigane saa chache wapange nani ni nani. Dawa mara nyingi huahirisha ugomvi tu; ikiisha wanaanza upya. Ndiyo maana tunaiweka kwa mama anayeuma zaidi kuliko kwa wapiganaji.

Azaperoni hufungua mishipa ya ngozi na joto la mwili hutoroka. Usimuache kwenye saruji yenye maji.

Nimpe dawa kabla ya kumpakia kwenye lori au mtumbwi?

Tunasema hapana. Mnyama aliyesinzia hawezi kujishikilia lori linapokata kona za Sake. Anaanguka, wenzake wanamkanyaga, na hawezi kuinuka. Kwenye Ziwa Kivu mawimbi yakipiga ni hivyo hivyo. Sheria ya Ulaya ya usafirishaji wa wanyama, namba 1 ya mwaka 2005, inakataza dawa za kutuliza safarini isipokuwa pale zinapohitajika kabisa kwa ajili ya mnyama mwenyewe, chini ya usimamizi wa veterineri. Sababu zake ni za kweli hata kwenye barabara zetu.

Kinachosaidia: pakia jioni au alfajiri, weka mchanga na majani ili wasiteleze, tenga wenye pembe na wasio nazo, usifunge miguu minne pamoja. Nguruwe kwenye pikipiki, kama hakuna njia nyingine, awe ndani ya tundu la miti lenye hewa, si kichwa chini, na asiwe juani.

Wanunuzi wa nyama nao wajue hili: ng'ombe aliyechoka na kuhangaika siku nzima humaliza sukari ya misuli. Akichinjwa hivyo, nyama hutoka nyeusi, kavu, inanata vidoleni, na huharibika mapema. Usiku mmoja wa kupumzika na maji ya kunywa ndiyo dawa yake.

Valium ya farmasi, Largactil au kanyanga kidogo?

Largactil ni klorpromazini, dawa ya binadamu iliyoundwa Ufaransa mwaka 1950. Ulaya imepiga marufuku kuitumia kwa mnyama yeyote wa kuliwa, kwa kuwa hakuna kiwango cha mabaki yake kilichothibitishwa kuwa salama kwenye nyama. Diazepamu, yaani Valium, veterineri anaweza kuwa na sababu ya kuitumia kwa mbuzi mwenye degedege, lakini vidonge vya kukisia ndani ya pumba si matibabu.

Kanyanga na kasiksi, pombe zetu za kienyeji, hupimwa kwa kikombe cha nani? Mnyama akishikwa mdomo na kumiminiwa pombe, sehemu huingia kwenye mapafu. Anayebaki hulewa, si kutulia, na mlevi wa kilo 300 ni hatari kuliko mwoga wa kilo 300.

Akishachomwa, nakata pembe au kuhasi bila ganzi?

Hapana. Anaonekana amelala, lakini kisu kinamfikia, na anaweza kupiga teke ghafla bila kufungua macho. Lidokaini, yaani dawa ya ganzi, lazima iwekwe mahali pa kazi. Kwa mbuzi kipimo cha juu cha usalama ni miligramu 5 kwa kilo. Mtoto wa mbuzi wa kilo 5 haruhusiwi kupita miligramu 25, ambazo ni mililita 1.25 tu za lidokaini ya 2%. Ichanganye nusu kwa nusu na maji ya sindano upate ujazo wa kutosha kuzunguka pembe zote mbili. Ngoja dakika 5, gusa kwa ncha ya sindano, kisha ndipo ukate.

Maziwa na nyama: nisubiri siku ngapi?

Fuata kibandiko cha flakoni uliyotumia, vibandiko hutofautiana. Kibandiko kikiwa kimepotea, sisi tunapendekeza maziwa yamwagwe siku 3 na nyama isiliwe siku 14 baada ya ksilazini, na siku 18 baada ya azaperoni. Ni tahadhari kubwa kwa makusudi. Mwili huivunja ksilazini kuwa kitu kinachoitwa 2,6-xylidine, ambacho kwenye panya wa maabara kilisababisha saratani ya pua. Maziwa ya ng'ombe mmoja yakiingia kwenye pipa la fromaji (jibini) ya Masisi, huwezi tena kuyatoa.

Mnyama aliyefia chini ya dawa haliwi, hauzwi, na mbwa hawapewi. Zika kwa kina. Tunajua ni hasara ya ada ya shule ya watoto, na hata hivyo zika.

Naweza kuichoma mwenyewe na kuhifadhi flakoni nyumbani?

Sindano ni ya veterineri. Kama flakoni imebaki kwako, iwe ndani ya sanduku lenye kufuli, gizani, chini ya nyuzi 25, na tarehe ya kufunguliwa imeandikwa juu yake. Baada ya siku 28 mrudishie veterineri aiharibu. Kamwe usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya sirapu.

Ikikuchoma wewe kwa bahati mbaya, au ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi, kaa chini, usipande pikipiki mwenyewe. Ksilazini hushusha moyo na pumzi za binadamu pia, na usingizi unaweza kuja ukiwa njiani. Mtu akupeleke hospitali akiwa na flakoni mkononi, amwonyeshe daktari jina na asilimia, aseme ni mililita ngapi zilizoingia na saa ngapi.

Katika daftari la zizi andika mstari mmoja kwa kila sindano: tarehe na saa, mnyama yupi, kilo, dawa na asilimia yake, mililita, saa aliyolala, saa aliyosimama, siku ambayo maziwa yake yanaanza kunywewa tena.